Marehemu Joram na Viatu vya Redioni

"Na ijulikane kwa wakazi wote wa Obunga, wenye nyumba na wapangaji, waliolala jana na waliokosa usingizi, kwamba marehemu kaka yangu Joram, fundi baiskeli, aliyezikwa Ahero kwa heshima zote katika kaburi lililojaa maji hadi magotini, ameamua kuvunja kimya chake. Hakumtokea mjane wake. Hakumtokea mwanawe. Mimi mdogo wake hakunipungia hata mkono. Ametupita wote akamwendea huyu, mkaanga samaki, mtu wa Bunyore, si ndugu si shemeji, na maneno yake tumeyasikia redioni kama matokeo ya mpira."

Hayo aliyatoa Mzee Laban alasiri moja ya mwaka 1993, mbele ya karai la Dorca Nakhungu, na nusu ya ukoo imejipanga nyuma yake. Alikuwa amevaa kofia ya mazishi. Miguuni alivaa kandambili. Watu walimtazama miguu kwanza, uso baadaye, kwa sababu Jumapili iliyopita kipindi cha hadithi kilikuwa kimesoma kisa cha Dorca: marehemu mwenye pengo na koti refu anarudi nyumbani kudai viatu vyake vya ngozi, anamkuta mdogo wake amevivaa, anakwenda navyo harusini. Jina halikutajwa. Pengo lilitosha.

Dorca alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishakata minofu na kuipeleka Ulaya. Mzungu alikula mwili, Obunga ikala uti wa mgongo, na hakuna aliyelalamika kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Mchana wateja wakiadimika, Dorca alisinzia amekaa, mwiko mkononi, moshi usoni. Hapo ndipo vituko vilipomjia. Akizinduka, alikuwa na kipande tu: mwanamke anafua maji, ng'ombe anasoma misa. Kilichobaki alikiota macho wazi huku akigeuza samaki. "Ndoto ni mgongo wazi," aliwaambia majirani. "Unaletewa mfupa. Nyama unatafuta mwenyewe." Majirani walimwona amelegea skrubu, ila redio ilipoanza kumsoma, wakasema walijua tangu zamani.

Safari hii alikuwa amekanyaga pabaya. Lornah, mke wa Tom mwana wa Joram, alikuwa na kichanga kinacholia tangu kizaliwe. Kwa ukoo huu, wenyeji wake Dorca hapo Obunga, mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayedai jina lake. Huitwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Na mtu akimwota marehemu, huamka akaenda kusema, kwani ndoto hiyo ni mali ya ukoo. Walikuwa wamemaliza mababu wa kale, wameingia kwa mashangazi, mtoto bado anapiga kelele. Kumbe ndoto ilikuwa kwa mwanamke wa samaki, naye ameipeleka redioni.

"Mama Wakhisi," Laban alimwambia Dorca, "ulimwota kaka yangu ama hukumwota?"

"Nilimwota. Mchana, nimesinzia hapa hapa."

"Mchana. Amemfanya marehemu mzururaji. Na mlizungumza lugha gani? Joram hakujua neno moja la Kinyore."

"Kiswahili. Kama hiki unachonitukania."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Laban aligeuka, kicheko kikafa.

"Na viatu? Alivitaja yeye?"

Dorca aliona njia zote mbili. Kiwanja kilikuwa cha Laban: mafiga, kivuli cha bati, hata moshi, kwa namna fulani. Akisema viatu vilitoka ndotoni, hakuna wa kumgusa, maana nani atamfukuza tarishi wa marehemu? Mtoto angeitwa Joram, Laban angerudisha alichoiba, yeye Dorca angechinjiwa kuku. Akisema alivitunga, basi amemwita mwenye kiwanja mwizi mbele ya Kenya nzima.

Rosa, mjane wa Joram, alisogea na mjukuu begani, mtoto amekuwa mwekundu kwa kulia. "Sema ni ndoto, Mama Wakhisi. Neno moja tu. Tulale."

Lakini kuvitunga vile viatu kulikuwa kumemtesa Dorca. Kwanza alijaribu kofia, ikakataa. Akajaribu baiskeli, hadithi ikalala kifudifudi. Mpaka siku moja, akigeuza samaki, akawaza kuhusu miguu. Sasa avitoe bure kwa Joram, mtu ambaye akiwa hai hakuweza kutunga hata uongo wa kuchelewa kurudi nyumbani?

"Viatu nilitunga mimi," alisema.

"Mmesikia," Laban akasema, karibu kwa furaha. "Mwongo."

"Mtunzi, Mzee."

"Tofauti utaijua kesho ukitafuta pa kukaangia."

"Lakini Baba mdogo," Tom aliuliza polepole, "vile viatu vya mzee si viko kwako kweli?"

"Viko kwa fundi."

"Fundi gani? Tangu Jumapili?"

"Omera, wewe kijana, tumekuja hapa kwa sababu ya huyu mwanamke ama kwa sababu ya miguu yangu? Toa karai lako, mama. Leo hii. Nenda ukamtungie baba yako huko Bunyore."

Hakuna aliyemtetea. Wale waliokula samaki wake asubuhi walikuwa wakikagua kucha zao. Dorca alimimina mafuta kwenye debe, akapiga mwiko ukingoni, akaanza kuzima moto kwa mchanga.

Rosa hakuondoka. Alimhamishia mtoto bega la pili, akainama mpaka akawa usawa na Dorca.

"Basi ile kidogo ya kweli, ile uliyoota. Hakusema kitu? Kuhusu jina, kuhusu huyu mtoto? Kuhusu mimi?"

Watu walisogea. Laban alivua kofia, pengine bila kujua.

"Alisema, Mama Tom," Dorca alijibu, akiendelea kumwaga mchanga. "Aliuliza kama kuna kichwa cha samaki kimebaki. Nikamwambia vimeisha."