Frimasoni Mwenye Bati Linalovuja

Mtaa mzima ulijua kwamba mzee wa nyumba ya kona ni Frimasoni, na kwamba Mafrimasoni wana utajiri wa ajabu. Walichoshindwa kukieleza ni kwa nini bati lake linavuja. Wengine walisema ni ujanja wa kuficha mali. Mkewe, ambaye mvua ikianza huzunguka na ndoo, alikuwa na lake.

"Waambie hao majini wako wakupe hata misumari, baba watoto."

"Hatuna majini," mzee alijibu, macho kwenye karatasi zake.

"Najua. Wangekuwepo ningewatuma sokoni."

Kazi ya mzee ilikuwa kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alilipwa kwa kutafuta makosa ya wenzake, na kazi hiyo ilimharibu kabisa: hata kadi ya harusi aliisoma kalamu nyekundu mkononi. Alijiunga na chama akiwa kijana, wakampa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na tangu hapo watu wote wakamwita Katibu. Siku za mapumziko zilikwenda kwa wajane wa wanachama waliokufa. Huyu bomba lake limeziba, yule anataka kusindikizwa hospitali, mwingine hana shida yoyote ila anataka mtu wa kumlalamikia. Katibu aliwasikiliza wote, kisha akarudi nyumbani kuandika. Aliandika vitabu kadhaa kuhusu chama, na kile kikubwa kilisifiwa na Mafrimasoni hata wa ng'ambo. Vitabu hivyo vilikaa kwenye kabati la ukumbi wao, kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Katibu.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa fundi cherehani wa jirani. Ndiye aliyeshona aproni nyeupe ambazo wanachama hujifunga kiunoni wakikutana, kama waashi wa zamani. Fundi alikuwa na mtindo wake: kila aproni akiimaliza, anajifunga yeye kwanza, anasimama mbele ya kioo na kugeuka huku na huku.

"Lazima nione inavyokaa," alisema.

Alichukua muda kuona inavyokaa. Katibu, hodari wa kuona makosa, hakuona kitu hapo.

Wanachama wakazeeka. Kanuni ilisema wasipotimia saba mkutano haufunguliwi, na wa saba wao, daktari wa meno, alipohamia kwa binti yake mbali, wakabaki sita. Walikuja ukumbini, wakakaa, wakakitazama kiti kitupu, wakarudi makwao. Makao makuu yakawapa hadi mwisho wa mwaka: wakipata mtu, vizuri, wasipopata, warudishe hati yao ya kuendesha chama. Katibu aliomba usiku na mchana aje mtu mmoja tu. Kwenda kumwalika mtu ni mwiko kwao. Anayetaka lazima aje kuomba kwa hiari yake. Akameza mate na kusubiri. Hakuja mtu. Mwaka ukaisha, hati ikashushwa ukutani, na Katibu akawapa wenzake mikono kikavu kabisa, kama anayeaga ofisini.

Wiki iliyofuata aliipeleka aproni yake kwa fundi. Kamba ilikuwa imekatika, na hakutaka kuizika sandukuni ikiwa na kasoro. Fundi akashona, akajifunga, akasimama mbele ya kioo.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," Katibu alisema. "Tumefunga. Tulikosa mtu mmoja."

Fundi hakugeuka. "Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Na mimi niko hapa miaka yote."

"Hukuwahi kuomba, ndugu yangu."

"Nilikuwa nasubiri uniambie! Ulivyonyamaza, nikasema basi, fundi cherehani hafai kukaa na madaktari."

"Haturuhusiwi kumwambia mtu. Anaomba mwenyewe. Nimelieleza vizuri sana, sura ya kwanza."

"Sura ya kwanza ya nini?"

"Ya kitabu changu."

"Kile cha kabatini?"

Katibu akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwepo. Kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona lilikuwa lake, na alikuwa amelifungia kwa mkono wake.

Fundi akaanza kufungua kamba kiunoni, uso umemshuka kwa aibu.

"Usiivue," Katibu alisema. "Omba."

"Niombe nini, na mmeshafunga?"

"Wewe omba tu."

Fundi akajinyoosha, vipande vya vitambaa miguuni, tepu ya kupimia shingoni.

"Naomba kujiunga nanyi," alisema.

Katibu hakuwa na hati, wala ukumbi, wala mamlaka, na maisha yake yote hakuwahi kuvunja kanuni hata moja.

"Umekubaliwa," alisema, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia.