Dera la Chuma

Nianze na lililo jepesi kukiri. Nina miaka arobaini na sita, nina kitambi, ni mkuu wa kitengo katika wizara moja pale Al Khuwair, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza nguo za vita za askari wa Ulaya waliokufa karne nyingi zilizopita. Nazitengeneza kwa mkono, pete moja baada ya nyingine, katika chumba cha juu ya paa nyumbani kwetu Al Amerat, pamoja na matangi ya maji. Ijumaa za majira ya baridi, baada ya sala na chakula, natia vitu vyangu kwenye buti la gari, navuka milima mpaka Azaiba, na huko kwenye ua wa mtu mmoja tunavaa chuma na kupigana kwa mapanga butu mpaka Maghribi. Tuko watano. Mmoja wetu ni daktari wa meno, na ndiye anayepiga kwa chuki kuliko wote.

Wenzangu kazini wana mambo yao ya kueleweka. Huyu ana ngamia, yule ana gari la kupandia vilima vya mchanga, mwingine anapiga kambi jangwani na familia yake. Mimi nikiulizwa Ijumaa nilifanya nini, nasema nilipumzika. Mke wangu tuliachana kabla sijagusa hata waya, lakini nawajua watu wetu, wasingejishughulisha kupanga lipi lilitangulia. Wangesema aliondoka kwa sababu hiyo. Nami nina hasira za karibu, na mwenye hasira za karibu hapendi kuchekwa. Basi nikaficha.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua waya wa chuma, unauzungusha kwenye nondo nyembamba mpaka ujikunje mfululizo, kisha unaukata, na kila mkato unakupa pete. Kila pete unaipitisha ndani ya pete nyingine nne, unaibana kwa koleo mbili, unachukua nyingine. Ukifika maelfu huko, una nguo ya kukufika magotini ambayo upanga hauipasui. Watu wangedhani ni kazi ya nguvu, na kumbe inataka subira, kitu ambacho sikupewa.

Aliyepewa ni mama yangu. Mama alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Alizishona tangu Unguja, akaendelea kuzishona tulipohamia huku nchi ya Kiarabu, na wanaume wengi wa ukoo wetu wameoa wakiwa wamevaa kazi yake kichwani. Kisha sukari ikamwingia, na presha ya macho nayo. Siku hizi anaona mwanga na kivuli, basi. Anakaa sebuleni chini ya kiyoyozi na simu yake, anapeleka ujumbe wa sauti kwa dunia nzima.

Wakati wa joto chumba cha juu hakikaliki, kinakuwa tanuri. Nikawa nateremka na kazi yangu, nakaa karibu yake, nabana pete zangu polepole. Siku moja akageuza uso.

"Wafanya nini, mwanangu? Nasikia tik, tik, tik."

"Nashona, mama."

"Washona nini?"

Ningemjibu kwa Kiarabu angenielewa papo hapo, maana dirii kwa Kiarabu si neno geni kwake. Lakini mimi na Mama tunasema Kiswahili, na Kiswahili cha kitu kile nilikuwa nimekipata kwenye kamusi wiki ileile, nikakiona kizuri, nikawa natafuta pa kukitumia.

"Deraya," nikasema.

Masikio ya Mama ni mazima. Ila neno hilo hakuwahi kulisikia, akashika la karibu yake, lile la gauni pana wanalovaa wanawake wetu.

"Dera?" akasema. "Dera la nani?"

Nilikuwa na koleo mikononi na pete mbili mdomoni. Nikaona kumweleza itakuwa safari ndefu: askari gani, wa wapi, na mwanawe mimi yanihusu nini. Nikatema pete zile na kusema, "Lako."

Akanyoosha mkono, akanitafuta, akanipapasa kichwa kama anavyopapaswa mtoto aliyemaliza kusoma juzuu.

"Na kushona umejifunza kwa nani?"

"Kwako," nikasema. Uongo wa pili ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza, na nakiri niliuona mtamu.

Tangu hapo sikuwa na njia ya kurudi, au ndivyo nilivyojiambia. Mama aliwapelekea ujumbe jamaa wote, Unguja, Sib, mpaka binamu yetu aliyeko Uingereza: mwanangu ananshonea dera kwa mkono wake. Aliniuliza kila siku limefika wapi. Nikimwambia mikono inanisumbua, ananifundisha. "Usiukaze sana uzi, nguo itajikunyata." Nikajaribu kutokaza pete sana, na wallahi deraya ikalainika, ikaanza kuanguka vizuri mabegani. Siku moja akanishika vidole akavinusa. "Yanuka msumari mikono yako," akasema. Nikamwambia ni sindano.

Siku ya pili yake akanipa subana yake, kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni ili sindano isimtoboe. Aliivaa miaka na miaka, imechakaa upande mmoja. "Mie sina kazi nayo tena," akasema, "ichukue wewe." Niliipokea. Niliitia kwenye kopo la bati ninamotilia pete zangu, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuitia.

Kuna siku alitaka kuligusa dera lenyewe. Alinyoosha mkono na mimi nikasogeza kiti.

"Ngoja, mama, bado. Nataka ulione likishakwisha."

Ulione. Nilimwambia neno hilo mama yangu asiyeona, na yeye akacheka, akaurudisha mkono wake mapajani.

Mama ana dada yake mkubwa anayekaa Azaiba. Walikuwa hawasemi vizuri kwa miaka miwili, kwa maneno waliyotupiana baada ya msiba wa mama yao, nani alimuuguza na nani alikuja kuangalia tu. Salamu za Idi zilipita kwa midomo ya watoto. Kisha mjukuu wa mama mkubwa akachumbiwa, na kwa ajili ya siku ya hina mama mkubwa akapiga simu mwenyewe. Wanawake wa nyumba wanashona sare, kitambaa cha kijani, akataka vipimo vya Mama.

Nilikuwa hapohapo, nabana pete.

"La, dada, usinkatie," Mama akasema. "Mie nna dera langu. Mwanangu ananshonea. Ntalivaa siku hiyo, nyote mlione."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mama aliweka simu, akakaa huku uso umemchangamka, na nafasi ikawapo muda mzima huo. Nilibana pete iliyokuwa mkononi, nikachukua nyingine.

Wiki ya hina ilipofika nikafanya wanavyofanya waoga, nikaenda dukani. Ilikuwa Ijumaa, nimetoka kupigana, mbavu zinaniuma kwa pigo la yule daktari wa meno. Nikasimama kwenye duka la kwanza nililoliona barabara kuu ya Azaiba, si mbali na kwa mama mkubwa, nikachukua dera la zambarau lenye maua ya dhahabu. Garini nikaikata lebo kwa koleo ya kukatia waya.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akapitisha vidole kwenye shingo, kwenye mikono, kwenye upindo wa chini, taratibu, kama anasoma. Akasita.

"Umeshona kwa cherehani?"

"Kwa cherehani na kwa mkono."

Akapitisha tena. Kisha akakunja vidole, akavifungua, akavisugua.

"Vidole vyangu vishakufa," akasema. "Sukari hii. Nahisi kama la duka."

Mwanamke aliyejua uzi kuliko anavyojua jina lake aliona ni afadhali avishuku vidole vyake kuliko kunishuku mimi, na mimi nikamwacha avishuku.

Hina ni ya wanawake, mimi niliishia mlangoni. Aliyeingia naye ni dada wa kazi wetu, mtu wa Singida, anayekaa nasi mwaka wa tano. Nilipokwenda kuwachukua, Mama alitoka na manukato ya udi na uso ambao sikuuona tangu macho yake yaharibike. Njia nzima mpaka Al Amerat alisema jambo moja.

"Dada kanshika mkono. Tangu naingia mpaka natoka, hakuniachia. Hata maji kaninywesha yeye. Miaka miwili, mwanangu. Alhamdulillahi."

Nikafikiri, basi, limepita. Nilifurahi. Hilo la kufurahi ndilo linalonichoma zaidi nikilikumbuka.

Kesho yake dada wa kazi akapanda juu na ufagio. Yeye ndiye anayezoa pete zangu zilizoanguka, kwa hiyo alijua mambo yangu tangu mwanzo na hakuwahi kuuliza. Alisimama mlangoni.

"Baba, kuna mushkila ya jana nataka nikwambie. Ila usinikasirikie."

"Sema."

"Lile dera la bibi. Kulikuwa na wamama wengine watatu wamelivaa. Lilelile, na maua yake. Majirani wa pale pale."

Bila shaka majirani wa pale pale, maana nilinunua kwenye duka lao. Nikauliza Mama alifanya nini.

"Bibi ataonaje? Alikuwa anazunguka anawaambia watu, mwanangu kanishonea kwa mkono, shikeni. Anamwambia mpaka mmoja wa wale wenyewe. Watu wakaanza kucheka. Ndiyo yule dada yake akaja akamshika mkono, akamkalisha chini, hakumwachia tena. Kila anayekuja kusalimia anamkata jicho, asiseme kitu."

Alishusha macho kwenye ufagio. "Mimi ningesemaje, baba? Mimi najua ulikuwa unashona nini huku."

Nilifunga mlango, nikakaa na deraya yangu iliyotundikwa ukutani, nikaiona ilivyo: waya.

Baada ya Alasiri niliishusha. Ina uzito wa mtoto wa miaka mitatu, na niliibeba hivyo hivyo, begani. Mama alikuwa peke yake sebuleni. Nikamwambia nimekuja na kitu, nikamwekea mapajani taratibu. Alishtuka kwa ubaridi wake.

"Hichi nini?"

"Hii ndiyo niliyokuwa nikishona, mama. Si dera. Ni deraya. Nguo ya vita, ya zamani."

"Vita na nani?"

Nilimweleza. Ua wa Azaiba, wanaume watano, mapanga butu, Ijumaa zote nilizosema nina kazi. Yakisemwa kwa sauti mbele ya mama yako, mambo hayo hayana hata chembe ya ushujaa. Hakucheka, ningependa angecheka. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutembea, pete kwa pete, safu kwa safu, vikashuka bega, vikaingia kwapani, vikasimama.

"Hapa umeruka moja," akasema.

Nikainama nikatazama. Ilikuwa kweli. Pete moja ilikosekana, shimo dogo kwapani, na nilikuwa nimeivaa nguo hiyo Ijumaa kadhaa bila ya kuliona.

Mama hakuondoa kidole pale kwenye shimo.

"Basi vidole vyangu vizima," akasema.

"Vizima, mama."

"Na lile lilikuwa la duka."

"La duka."

Akafikiri. Nilimwona anarudi kule kwenye hina, anapita chumba kile upya, mtu mmoja mmoja.

"Wangapi walikuwa nalo?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeshajiamulia kuwa mkweli siku hiyo, nimejaa ukweli, nautaka unitoke wote. Nikasema, "Watatu."

Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Ndiyo maana dada kanshika mkono. Nami nkidhani kanisamehe."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Uongo wangu ulimpa Mama siku moja ya kushikwa mkono na dada yake, na mimi nimeteremka ngazi kwenda kumpokonya, kwa sababu nilitaka kutua mzigo wangu. Nilitaka kusema labda mama mkubwa alimshika kwa yote mawili, kwa kumhurumia na kwa kumpenda. Huenda ndivyo. Ila neno langu mle ndani halikuwa na thamani tena, na wote wawili tulijua.

"Niondolee," akasema. "Kizito."

Nikainyanyua. Pete zilimwachia alama mikononi, viduara vidogo vingi, na alivipangusa kama vumbi.

"Na subana yangu," akasema. "Nirudishie."

Nilipanda juu kuitafuta kwenye bati. Nilichukua muda, maana kila kilichomo mle ni chuma na kila kimoja ni kidogo, na macho yangu mwenyewe yalikuwa hayaoni vizuri.