Chakula cha Kaka

Kaka yangu aliposhuka kwenye boti pale Kemondo, akitokea kisiwa cha Goziba anakovua dagaa, sikumtambua mara moja. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na taya zilisagana kana kwamba anatafuna kitu. Nikajiambia ni uchovu wa kazi. Mimi ni mwalimu, lakini siku hiyo nilikuwa mjinga wa kupigiwa mfano.

Nyumbani kwetu Muleba mama alifurahi kupita kiasi. Kaka alipalilia kibanja chote cha migomba kwa siku moja, hakukaa, hakuomba hata maji. Mama akawatangazia majirani kwamba kisiwani wamemfunza kazi. Nami nikarudi Kahororo, ninakofundisha, nikajisifu ofisini. Mwalimu mmoja tu, aliyewahi kuishi visiwani, hakucheka. Aliniuliza kama kaka analala. Nikampigia mama. Akasema leo siku ya tatu hajafumba jicho, anazunguka migombani akitafuta watu. Basi ni methamfetamini, mwenzangu akasema, vile vipande vyeupe kama chumvi ya mawe ambavyo baadhi ya wavuvi huvuta ili waweze kukesha kazini. Ikifika hapo, alisema, mtu humwona kila mmoja adui.

Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja hadi Muleba. Kwetu Wahaya, anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele yake, mgeni aone hakuna sumu. Hiyo ni adabu ya wageni. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Kaka alikuwa ameigeuza adabu hiyo kuwa amri. Kila tonge, kila kikombe, mama aonje kwanza, kwa kuwa eti tumenunuliwa tumuue. Na mama alikuwa anaonja, maana bila hivyo mwanawe hali kabisa.

Siku hiyo nilipika mimi, ndizi na maharage. Kaka alikaa mlangoni, panga mapajani, anajikuna mikono hadi inatoka damu.

"Leo aonje huyu," alisema.

Nilichota. Kijiko kilifika karibu na mdomo kikasimama. Sikuwa na sababu yoyote, chakula nilikipika mwenyewe. Nilikuwa naliangalia panga tu. Akaona nimesita. Akanyanyuka.

"Mama, umeona? Umeona?"

Mama alijitia katikati yetu, akatumbukiza mkono kwenye sufuria ya moto, akala, akameza. "Omwana wange, mimi huyu nakula. Kaa."

Kaka akakaa. Mimi nikatokea mlango wa uani, nikakimbilia kwa majirani, nimemwacha mama yangu ndani na lile panga. Naona aibu hadi leo.

Majirani wanne walikuja na kamba. Walimkuta anakula. Hakupigana nao, aliniangalia mimi tu, akasema, "Si niliwaambia." Wakamfunga, wakampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali. Njia nzima alilia, walivyonisimulia.

Mama alibaki amekaa chini, mkono umetoka malengelenge, hataki niuguse. Nilimwambia kwamba kaka angetuua, na kwamba sasa atatibiwa. Alikuwa anatazama sahani ambayo kaka hakuimaliza.

"Ungeonja tu, mwanangu," alisema.