Singo Haina Harufu Simuni

Wifi yangu hakusoma zaidi ya kidato cha pili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nikilianzia kila mara, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Mimi nilikuwa nimerudi Wete na shahada ya biashara, nangoja kazi ambayo haikuwa ikija, nalala katika chumba kile kile nilicholala nikiwa darasa la nne. Yeye aliolewa na kaka yangu nikiwa bado chuo kikuu, akaingia nyumbani kwetu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amejifunza kwa mama yangu kazi ambayo sikuwahi kuitaka mpaka nilipoiona mikononi mwake.

Kazi yenyewe ni singo. Mama huwatengenezea mabibi harusi: asmini, mawaridi, langilangi, rehani, liwa na karafuu kidogo, vyote hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa, kisha hulowanishwa kwa marashi na kufukizwa udi. Bibi harusi husuguliwa kwa siku kadhaa, na akitoka ndani, wanawake wakimsogelea kumpa mkono wanajua singo yake imetwangwa na nani. Hilo ndilo lilikuwa tangazo la mama miaka yote. Hata kibao mlangoni hakuwahi kuweka.

Siku wifi alipomwomba mama ruhusa ya kuitangaza singo mtandaoni, mimi ndiye niliyepinga.

"Ni bure, mama," wifi alisema. "Hatutoi kitu."

"Bure gani?" nilimuuliza. "Bando hununui? Muda huutoi? Mtu wa Tanga atakuuliza bei asubuhi, mchana na jioni, na mwisho asinunue. Halafu singo ni harufu. Utamnusisha mtu simu?"

Mama alicheka. Wifi naye alicheka, kicheko kirefu kinachoanzia chini na kupanda, akasema, "Wifi, wenye pua washatujua zamani. Hao wengine wana macho tu. Tuwape haki yao."

Alisema hivyo huku anachambua asmini, bila kuinua kichwa. Mimi somo la masoko nililipasi vizuri sana. Jioni hiyo hiyo mama akampa yeye ruhusa.

Kwenye klipu zake uso hakuuonesha. Alionesha mikono tu, na mikono yake ni mizuri, sina budi kusema, vidole virefu, hina imekoza mpaka kwenye kucha. Na sauti. Yeye ni mtu wa Ole na anazungumza kama watu wa Ole, lafudhi ile ile ya shamba ambayo mimi nilitumia miaka mitatu chuo kikuu kuificha. Nilidhani watu watamcheka. Wakamwandikia: dada, sema tena. Dada, tunakumbuka kwetu. Wapemba wa Dar es Salaam walimsikiliza, Wapemba wa Maskati walimsikiliza, na oda zikaanza kuja kutoka sehemu ambazo mama hajawahi kufika wala hana haja ya kufika.

Nilikuwa nazitazama klipu zake kwa siri, chooni, sauti nimeipunguza. Mezani nauliza maswali. Hawa wanaotazama ni akina nani? Ukurasa ukifungwa kesho na wenye mtandao wao, wateja tutawatafuta wapi? Mbona watu wanasema "singo ya yule dada", wakati mwenye singo ni mama? Yalikuwa maswali mazuri na mpaka leo sijaona mtu aliyeyajibu. Tabu yake ni kwamba nilikuwa nayauliza kila mama anapomsifu wifi, na mama si mjinga.

"Wewe unachunguza kama askari wa bandarini," aliniambia siku moja. Kisha akamwita wifi aje aonje kama liwa imetosha. Kuonja kwenyewe ni kwa kunusa, na mimi pua ninayo.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwani bila hilo kosa langu litaonekana dogo. Singo huagizwa mapema, maua yapate kukauka, kwa hiyo mama huijua harusi kabla ya mtaa. Watu humwamini kwamba hatasema. Baada ya hapo huja kualika, na kualika kwetu ni kwa mdomo: wanawake wa nyumba yenye harusi hutoka kwa miguu, mlango kwa mlango, wakae, wasalimie, waseme walichotumwa. Wa kwanza kuambiwa ni shangazi wa bibi harusi, dada wa baba yake. Huyo hapati habari njiani. Anapelekewa mtu.

Na ndani ya kila kopo la singo mama huweka kikaratasi chenye jina la nyumba na siku ya ndoa, asije akachanganya. Anaandika kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Hakwenda skuli, alikwenda chuo cha Kurani, na hizo ndizo herufi zake.

Siku moja mama yake wifi alishikwa na homa, wifi akaenda Ole kumuuguza, akaniachia simu ya kazi. "Wifi, ukipata nafasi wajibu wateja tu. Kuposti usijisumbue, nitakuja kuposti mwenyewe."

Usijisumbue. Nililitafakari hilo neno nikaona limejaa dharau. Leo nikilitazama halina kitu.

Nikaamua kuwaonesha tangazo linavyofanywa na mtu aliyelisomea. Nilichukua kopo moja lililokuwa tayari, nikaliweka dirishani penye mwanga, nikafungua kifuniko, nikamwaga asmini pembeni. Picha ikawa nzuri lakini tupu. Nikakitoa kikaratasi cha mama nikakiegemeza kwenye kopo, zile herufi zake zimelala kama nyuzi za hariri. Nilikiona. Sisemi kwamba sikukiona, nilikisogeza mbele. Nilikiona kama pambo, kitu cha kale kitakachowavutia watu wa mbali. Herufi hizo nazisoma tangu nina miaka mitano, na siku hiyo sikuzisoma. Chini yake niliandika maneno ya Kiswahili sanifu, yamepangika, nikaposti.

Kufika alasiri waliotazama walikuwa wengi kuliko klipu yoyote ya wifi. Nilikwenda kuoga naimba. Sikumwonesha mama. Nilikuwa namngoja wifi arudi nimwoneshe yeye.

Alirudi siku ya tatu asubuhi. Hajavua hata buibui, mlangoni ikapigwa hodi moja, na mpigaji hakungoja karibu. Alikuwa mama wa bibi harusi, yule mwenye kopo lile, aliyekuja kulichukua wifi akiwa bado Ole.

"Bi mkubwa," alimwambia mama, "kinu chako kimeota mdomo lini?"

Mama alimwomba akae. Hakukaa. Akaeleza amesimama. Jana walikwenda kualika Kengeja kwa shangazi wa binti. Shangazi aliwapokea vizuri, akawapa maji, akawauliza hali za watoto mmoja mmoja, walipotaka kusema walichotumwa akawakatiza: "Msijichoshe. Mimi nishaalikwa na simu." Mjukuu wake alimwonesha picha ile kwa sababu ya maua. Maneno yangu mazuri ya chini shangazi hakuweza kuyasoma, kwa kuwa naye, kama mama, alikwenda chuo cha Kurani, si skuli. Kikaratasi alikisoma moja kwa moja: nyumba ya kaka yake, na siku.

"Amesema haji," mama yule alisema. "Na asipokuja, ndoa itasomwa shangazi mtu hayupo, kila mtu atauliza, na mimi nitamjibu kila atakayeuliza. Singo yako nitakurudishia hapa hapa. Utaona kama kuna nyumba Wete itakayoingia tena kwenye mlango huu."

Mama alishika ukingo wa kinu. Nilimwogopea, na nilijiogopea zaidi.

Wote wawili walimgeukia wifi, kwani ukurasa ni wake. Wifi akanitazama mimi, kwa muda wa kufumba na kufumbua tu. Mimi nikaliangalia chekeche.

"Nisamehe, mama," alimwambia yule mgeni. "Ukurasa ni wangu. Kosa ni langu."

Nilinyamaza mchana kutwa. Wifi hakuja chumbani kuniuliza, hakununa, hata sauti hakuibadilisha, na hilo likaniudhi. Ningependa anitukane ili nami nipate la kumtukania.

Kesho yake mama alituchukua wote wawili mpaka Kengeja. Tulimkuta shangazi barazani anamenya muhogo, mwanamke mnene mwenye macho madogo yanayocheka kabla ya mdomo. Tukampa shikamoo, akaziitikia moja moja. Mama akaanza kuomba radhi, shangazi akamnyamazisha kwa kuinua kisu.

"Mwenye simu nani katika nyie?"

"Mie, bibi," wifi alisema.

"Hebu cheka."

"Nini, bibi?"

"Cheka, nikusikie."

Wifi kwa aibu akacheka, kile kicheko kinachopanda.

"Ndiye!" Shangazi alipiga paja. "Ndiye huyu! Mjukuu wangu akikuweka weye mie naacha muhogo unaungua. Lakini mwanangu, umenivunjia heshima. Mie nipate habari ya mtoto wa ndugu yangu pamoja na mtu wa Tanga?"

"Nimekosa, bibi. Sina la kujitetea."

Shangazi akamgeukia mama. "Umepata mkaza mwana. Siku hizi ukimwambia mtoto umekosa, atakuletea sababu kumi. Huyu kalelewa."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Si yeye. Ni mimi niliyeposti."

Ningependa kuandika kwamba ilikuwa dhamiri. Nimejiuliza sana, na mimi ni mtu wa kuuliza, na jibu ni lile lile: sikuweza kuvumilia asifiwe kwa kosa langu. Singo ilikuwa ya mama, akaichukua. Lafudhi ilikuwa yetu sote, ikawa yake. Sasa hata makosa yangu yamkae vizuri kuliko yanavyonikaa mimi?

Mama alifumba macho. Shangazi akaweka kisu chini.

"Na weye u nani?"

"Mtoto wa mwenye kinu."

"Umesoma?"

"Chuo kikuu."

"Na chuo cha Kurani hukwenda?"

"Nilikwenda. Nimehitimu."

"Basi ulikuwa unaangalia nini, mwanangu?"

Nilitafuta jibu la maana, likanijia la kweli. "Nilikuwa naangalia wangapi wanaangalia."

Shangazi alicheka mpaka maganda ya muhogo yakamwanguka mapajani. Wifi aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Mama peke yake hakucheka.

"Sikiliza," shangazi alisema alipopata pumzi. "Majirani zangu hapa wote wanajua mie nimealikwa na simu, kwa sababu niliwaambia mwenyewe. Sasa nitaendaje? Utatoka mlango kwa mlango, useme kwa mdomo: shangazi mtu ameendewa na watu, amekubali, anakwenda harusini na anawaalika mwende naye. Ukifika kote ukarudi, nami nitakwenda. Ukiruka mlango mmoja, siendi. Umeshajua kutangaza bure, basi zunguka bure."

Wifi alinyanyuka. "Nitafuatana naye, bibi."

"Weye kaa. Kuna kisu kingine ndani. Menya, tuzungumze."

Nikatoka peke yangu. Sijui ilikuwa milango mingapi. Kila mlango hodi, karibu, kaa, kunywa maji, hali za nyumbani, ndipo lisemwe jambo. Nilijaribu kufupisha kwenye nyumba ya pili, bibi wa nyumba akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Simu ingewafikia wote kwa pamoja, niliwaza, na papo hapo nikakumbuka kwamba ilishawafikia. Katikati ya migomba, nikitoka nyumba moja kwenda nyingine, nilisikia kutoka barazani kicheko cha wifi, na baada yake cha shangazi, na baada yake, mara ya kwanza tangu jana, cha mama yangu. Nilisimama nikakisikiliza mpaka kikaisha.

Nyumba ya mwisho alitoka mwanamke wa makamo, mikono ina unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atakwenda inshallah, kisha akanitazama kwa hamu.

"Weye ndiye yule wa simuni? Mwenye kucheka?"

"Si mimi. Yule ni wifi yangu."

"Lo! Mwambie namsalimu sana. Mwambie nampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Nikasema nitamwambia.

Shangazi alikuja harusini, amekaa mbele kabisa, na singo haikurudi nyumbani kwetu. Mama amesema picha yoyote haitoki mpaka aitazame yeye kwanza, na simu inabaki kwa wifi. Mimi bado naamini hakuna tangazo la bure, na sasa ninao mfano wa kulithibitisha, ingawa si mfano ninaopenda kuutoa. Salamu za yule mwanamke wa Kengeja nilizifikisha baada ya wiki mbili. Wifi alifurahi sana. Akaniuliza mbona nimechelewa, nikamwambia nilisahau.