Lituma Tusiyoila

Nilipaswa kukataa pale pale kwenye benchi la hospitali, mama mmoja muuza jumla, mgonjwa mwenzangu, aliponiambia tumsaidie daktari wetu afaulu. Nilikubali, tena kwa kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa wagonjwa wa sukari, kwa hiyo nilipokubali mimi, walikubali wote.

Siku zile tulikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Daktari wetu, binti wa hapa hapa Kisangani, alikuwa ameingia katika shindano la mfuko mmoja wa ng'ambo unaowalipa madaktari vijana ili watibu na wakati huo huo wafanye utafiti. Kwetu daktari anayependa utafiti huwa anabanwa. Akibaki wodini, jioni hana nguvu ya kufungua hata kitabu. Akitaka kutafiti, itabidi aende mbali. Mfuko ule ungempa mshahara wa miaka kadhaa na profesa wa kumwongoza, na siku za utafiti ambazo hakuna mkubwa ambaye angeruhusiwa kumwitia zamu. Angebaki nasi! Mimi nilimaliza sekondari tu, lakini nilimwelezea kila aliyenisalimia barabarani mpaka mke wangu akaniuliza kama ni mimi ninayelipwa.

Mfuko ulitaka kwanza kazi ndogo ya kuonyesha uwezo. Alichagua lituma, ndizi zetu za kuchemsha na kuponda, ambazo mtu wa Kisangani akizikosa hujiona hajala. Alitaka kujua inapandishaje sukari ya mgonjwa. Tuile asubuhi nyumbani, sahani ya kawaida, kisha tuje kupimwa.

Ndipo mama muuza jumla, mtu wa Butembo, akanisogelea.

"Papa, huyu mutoto iko na examen. Tutamuacha aanguke, na sisi iko hapa?"

"Mutihani gani? Si iko munganga, docteur kamili tayari?"

"Ile ya wazungu! Wakiona sukari yetu iko juu, watasema hajue kututunza. Donc ile siku, hakuna mutu anakula lituma. Mboga tu. Na kupanda moto, ile pikipiki, hakuna; kila mutu anakuja na miguu, kutembea kunashusha sukari."

Mzee mmoja aliyestaafu kwenye reli ya Ubundu akakuna kichwa. "Na akiuliza tulikula nini?"

"Unasema lituma. Wee tonton, haujue kudanganya? Na bibi yako unamudanganyaka na nini?"

Benchi zima lilicheka. Wakanigeukia mimi. Nikasema, "Bon, tufanye."

Siku ya kipimo nilitembea kutoka nyumbani hadi hospitali nikiwa na majani ya muhogo tumboni na moyo unaodunda kama wa mwanafunzi. Tulipeana ishara za macho kwenye foleni. Daktari alinitoboa kidole, akatazama mashine, akatazama tena.

"Papa, lituma ulikula kweli?"

"Sahani nzima, munganga. Na samaki."

Mzee wa reli, aliyekuwa nyuma yangu, alijilamba midomo kabisa. Nilikaribia kuanguka kwa kicheko.

Habari ilitoka kabla sisi hatujatoka. Lituma haina neno kwa wagonjwa wa sukari! Sokoni wanawake wa ndizi walituita kwa vifijo, mmoja akataka kunifungia mkungu bure. Mama muuza jumla alianza kutafuta pagne, yaani vitenge, vya sare kwa sherehe. Mimi nilikuwa nimeshatunga hotuba.

Mwisho wa wiki hiyo daktari alituita tena. Tulikuta sufuria kubwa uani na yeye mwenyewe amejifunga kitambaa, anaponda. Alituambia majibu yetu yalikuwa mazuri kupita kiasi, na kitu kizuri hivyo lazima akione mara ya pili. Basi tukala mbele yake. Lo, ilikuwa tamu! Nililamba vidole kwa furaha, nikisahau kabisa kinachokuja.

Baada ya saa mbili mashine ilisema kweli. Sukari yangu ilikuwa juu sana, na ya wengine vilevile.

Daktari alikaa karibu nami. "Papa, ile siku ulikula nini?"

"Mboga."

"Na wengine?"

"Mboga. Mimi ndiye nilikubali."

Akaanza kucheka, kweli kabisa, mkono mdomoni. Kisha kicheko kikakatika. "Mulizani mimi ndiye napimwa? Ile kupanda kwa sukari ndiyo nilikuwa natafuta. Kama inapanda, najua nianzie wapi."

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma kazi. Vipimo vya uani peke yake havikutosha, na kuanza upya kusingewezekana.

"Tuma vile vya kwanza," mama muuza jumla alimsihi. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na nyinyi mutakula lituma bila kuogopa, mpaka mumoja aanguke."

Alituma barua ya kusema hana majibu ya kuaminika. Mfuko ukamchukua daktari wa nchi nyingine.

Simlaumu mama muuza jumla. Wazo lilikuwa lake, lakini neno lililohitajika lilikuwa langu, na hata leo nikikumbuka kile kicheko cha benchi nacheka peke yangu kabla sijakasirika. Hakuna aliyetaka mabaya. Ningeuliza tu, "Munganga, unatafuta nini hasa?" Angenijibu kwa dakika moja.

Daktari alivumilia zamu za wodini mwaka mmoja zaidi, kisha akapata kazi ya ofisini Kinshasa. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Bangboka. Aliniagiza nikague nyayo zangu kila siku, nami nikaahidi. Siku ya kliniki yetu ilifutwa kwa kukosa mtu, na mimi, bila yeye wa kunifokea, sikukagua kitu. Kiatu kikanichubua, kidonda kikaoza.

Kisangani haina mtu anayeweza kumwambia mgonjwa wa sukari ale lituma kiasi gani. Na mimi, kwa kukubali kule kwenye benchi, nilimpoteza daktari aliyekuwa ananitunza, kisha mguu wangu wa kulia, chini ya goti.