Asante ya Vidole Viwili

Mchina mwenye duka mtaa wa Mobeni, anayenifundisha lugha yake mimi Mtanzania, aliniambia kwamba kwao ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo shukrani. Juzi nikaipeleka elimu hiyo kwa mama Mkongo anayeuza chai hapa mtaani kwetu, Point. Akamimina, nikagonga polepole, nimeweka uso wa msomi.

Birika likasimama hewani. "Unanigongea meza? Mimi niko boyi yako?"

"Hapana, mama. Hiyo ni asante ya Kichina."

"Basi enda Mchina akupatie na chai." Akaondoka na kikombe.

Wasomaji wa safu hii huniuliza Kichina changu kimefikia wapi. Jana nilirudi kwa yule mama wa chai, nikasema asante kwa Kiswahili kabla hajashika birika, mikono yote miwili nimeikalia.