Siku klabu ya pikipiki ya Columbus ilipolitaja jina la Wafula

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki kisa nimekaa nacho miaka. Sipambi chochote, na anayetaka chai atafute uzi mwingine.

Mimi ni Mtanzania, naishi Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Kabla ya kuja huku nilikuwa mlinzi Iraq. Siyo jeshi! Kampuni binafsi, wale wanaoitwa contractors. Wanajeshi wa Marekani walikaa ndani ya kambi, sisi Waafrika tulikaa getini.

Nilikuwa na Wafula, Mkenya wa Bungoma. Mcheshi balaa, ila mchoyo wa sukari sijapata kuona.

Siku moja nilikuwa na homa, akanishikia zamu. Gari likalipuka getini.

Naomba nisiseme zaidi hapo.

Mama yake alipelekewa jeneza na barua ya kampuni. Hakuna bendera, hakuna gwaride. Kila nilipompigia aliniuliza, "Huko kuna mtu anamkumbuka kweli?" Nilikuwa nabadilisha mada.

Sasa 2015, supervisor wangu pale warehouse alikuwa Ray, mwanajeshi mstaafu, ndevu hadi kifuani. Yeye na wastaafu wenzake wana klabu ya pikipiki. Jumamosi moja mchana akanialika kula nyama, na wageni walikuja toka Louisville na Buffalo.

Vizibao vya ngozi, mafuvu mgongoni, watu wa miraba minne. Nilitamani kurudi kwenye gari.

Kumbe wana utaratibu wao. Kabla ya kula, kila mmoja anamtaja mwenzake aliyefia vitani, wote wanarudia jina, halafu pikipiki zinawashwa na kungurumishwa kwa pamoja.

Ray akanigeukia, "Na wewe?"

Wakuu, nikasema sina.

Niliona aibu. Mimi mlinzi tu, nitasema nini mbele ya watu wenye medali? Wakaendelea na wengine, nami nikahisi nimemzika Wafula mara ya pili. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ninaye mmoja. Alikuwa mlinzi wa geti."

Mwenyekiti wao akakunja uso. "Contractor? Hapa tunataja wanajeshi tu." Hakuwa na ubaya, ndiyo sheria yao.

Jamaa mmoja wa Louisville, mwenye mguu wa bandia, akauliza geti gani. Nikamtajia. Akavua kofia.

"Kambi ile nimelala mwaka mzima," akawaambia wenzake. "Usingizi ule walinipa walinzi wa geti."

Mwenyekiti akaniangalia kidogo, kisha akaniuliza jina linatamkwaje.

Nikampigia mama Wafula hapo hapo, Bungoma ilikuwa jioni. Nikainua simu juu. Watu kama thelathini wakaita, "Wafula!" Pikipiki zikanguruma mpaka nikaisikia ardhi ikitikisika miguuni.

Zilipozimwa, mama alikuwa analia.

"Mwanangu, na hao wote ni akina nani?"

"Ni watu waliokuwa wamelala, mama, Wafula akiwa macho."

Halafu akasema, "Waambie asante." Nikawaambia, na mimi nikalia mbele ya ile mijitu bila aibu yoyote.

Nilichojifunza: usimfiche mtu wako kwa sababu hakuwa na cheo. Mimi nilimficha miaka, na mama yake ndiye aliyeumia.

Karibuni mchangie. Kama una wako ambaye hajawahi kutajwa popote, andika jina lake hapa chini. Nitayasoma yote kwa sauti.